Umefunga TikTok kwenye ruta, mbona bado inafunguka?

Mzazi ameingia kwenye ruta, ameandika tiktok.com kwenye orodha ya tovuti za kuzuiwa, amehifadhi, ametoka. Mtoto anaendelea kuangalia video kama kawaida. Hapo mzazi huamua moja kati ya mawili: ruta ni kimeo, au mtoto ameshindikana. Mara nyingi ruta haina kosa na mtoto hajafanya ujanja wowote. Ombi la simu halikupita pale ruta inapotazama, basi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua ombi lilipita wapi. Ukianza kubadilisha mipangilio kabla ya kujua hilo, utaishia kuwa na ruta yenye sheria ishirini na hujui ipi inafanya nini.

Ruta ya nyumbani inafanana na mjumbe wa mtaa: mgeni akimuuliza nyumba ya fulani iko wapi, anaweza kumwelekeza au kukataa, lakini mazungumzo ya sebuleni hayasikii. Kuulizana majina ya tovuti huko ndiko kunakoitwa DNS. Karibu tovuti zote sasa zinatumia HTTPS, yaani mazungumzo yake yamefichwa, kwa hiyo ruta inaweza kuona kwamba simu inataka youtube.com, ila haioni ni video ipi. Mzazi anayetaka ruta iruhusu somo la kemia na kukataa katuni ndani ya YouTube anaiomba isichoweza.

Kwanza: je, simu iko kwenye ruta yako?

Chomoa ruta kwenye umeme, kisha mwambie mtoto afungue video ambayo hajaifungua. Iliyokwisha kupakiwa itaendelea kidogo hata bila mtandao, isikudanganye. Video mpya ikifunguka, simu haipo kwako. Ipo kwenye bando la laini yake, kwenye hotspoti ya dada yake, au kwenye waifai ya jirani ambayo nenosiri lake linajulikana mtaa mzima. Hapo achana na ruta. Kinachohitajika ni kizuizi ndani ya simu yenyewe: Family Link kwa simu za Android, au Screen Time kwa iPhone.

Video ikikataa kufunguka, washa ruta tena, chukua kompyuta iliyounganishwa kwenye waifai ileile, fungua dirisha la amri na uandike:

nslookup tiktok.com

Usikimbilie jibu. Tazama mistari ya juu kabisa, ya "Server" na "Address". Ukiona 192.168.1.1 au 192.168.0.1, yaani anwani ya ruta yako, swali limeulizwa kwa ruta. Ukiona 8.8.8.8, hiyo ni ya Google, na ruta imerukwa. Ukiona anwani ndefu yenye nukta pacha nyingi, umekutana na IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, nitaifikia. Anwani hiyo moja hupunguza kazi kwa nusu.

Dalili: hakuna kinachozuiwa, kwenye kifaa chochote

Anza na mambo madogo. Kwenye ruta nyingi, kuongeza tovuti kwenye orodha na kuiwasha orodha yenyewe ni hatua mbili tofauti. Kuna kitufe cha "Enable" juu ya ukurasa ambacho hakuna anayekiona. Angalia pia orodha imewekwa ya kuzuia au ya kuruhusu. Halafu angalia ulivyoandika: ruta nyingi zinataka tiktok.com tupu. Ukiandika https:// mbele au mkwaju nyuma, neno halilingani na chochote na ruta inakaa kimya.

Hayo yakiwa sawa, shaka inahamia kwenye ruta yenyewe. Ruta za zamani, na baadhi ya zile za bei ya chini, zina kichujio kinachosoma kurasa za HTTP ya kawaida tu. Kilitengenezwa wakati tovuti nyingi hazikuwa zimefichwa kwa HTTPS. Kukigundua ni rahisi. Weka example.com kwenye orodha ya kuzuia, kisha kwenye kompyuta andika amri hizi mbili, moja baada ya nyingine:

curl -I http://example.com
curl -I https://example.com

Ya kwanza ikikataliwa na ya pili ikaleta jibu, kichujio hicho hakiwezi kukusaidia kwa TikTok, Instagram wala tovuti yoyote ya leo. Usihangaike nacho. Hamia kwenye kuzuia kwa DNS: kwenye ukurasa wa LAN (mtandao wa ndani ya nyumba) au DHCP (unaogawa anwani kwa vifaa) wa ruta, badilisha anwani za DNS ziwe za huduma inayochuja. Kama kampuni inayokuuzia intaneti imefunga ukurasa wa WAN, yaani upande wa nje wa intaneti, usijali, ule wa DHCP mara nyingi huwa wazi. Ukimaliza, zima na uwashe waifai kwenye kila kifaa. Kisipofanya hivyo kitaendelea na anwani za zamani hadi muda wake wa DHCP uishe.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Wanaweka 1.1.1.3 ya Cloudflare, au 208.67.222.123 ya OpenDNS FamilyShield, kisha wanalalamika kwamba TikTok bado ipo. Itakuwepo. Huduma hizo zimekusudiwa kuzuia ponografia, na ile ya Cloudflare inazuia pia tovuti zenye virusi. Hakuna aliyeziambia kwamba TikTok ni tatizo nyumbani kwako. Ukitaka kuchagua mwenyewe cha kufunga, unahitaji huduma yenye akaunti, kama NextDNS au OpenDNS Home, au ruta ambayo orodha yake inafanya kazi kwa DNS. Mimi kwa nyumba yenye watoto wadogo naweka 1.1.1.3 hata kama hakuna kingine, kwa sababu haina akaunti, haina bili na haihitaji matunzo. TikTok ni vita vingine.

Dalili: leo inazuia, kesho haizuii

Hii ndiyo dalili inayochosha kuliko zote, kwa sababu kila ukijaribu wewe inazuia. Sababu zake ni chache na kila moja ina alama yake.

Ya kawaida kabisa ni DNS ya pili. Ruta ina nafasi mbili za anwani, mzazi anaweka 1.1.1.3 juu na 8.8.8.8 chini "ili moja ikifa nyingine ifanye kazi". Vifaa havifuati mantiki hiyo. Vingine huuliza zote mbili kwa wakati mmoja na kuchukua jibu linalowahi, vingine hubadilisha tu vinavyojisikia. Anwani ya pili lazima iwe ya huduma ileile: 1.0.0.3 kwa Cloudflare, 208.67.220.123 kwa FamilyShield.

Ya pili ni IPv6. Umebadilisha DNS za kawaida, lakini ruta bado inagawa za IPv6 kutoka kwa kampuni ya intaneti, na simu huzipenda hizo kwanza. Ndiyo ile anwani ndefu uliyoiona kwenye nslookup. Ama weka 2606:4700:4700::1113 na 2606:4700:4700::1003 kwenye sehemu ya IPv6 ya LAN, ama zima IPv6 upande wa LAN. Kwa matumizi ya nyumbani sijaona anayekosa kitu kwa kuizima.

Ya tatu ina kalenda: mwanzo wa mwezi kunazuiwa vizuri, kuanzia tarehe ishirini na kitu kila kitu kinapita. Hiyo ni NextDNS ya bure. Mpango wake wa bure una maswali 300,000 kwa mwezi. Yakiisha, huduma inaendelea kujibu ila inaacha kuchuja. Maswali hayo ni 10,000 kwa siku, na yanaonekana mengi hadi nyumba iwe na runinga janja na simu tano sita. Fungua akaunti yako utazame hesabu. Mara nyingi kuna kifaa kimoja kinachouliza usiku kucha, na mara nyingi ni runinga.

Ya nne inawahusu wa OpenDNS Home walio kwenye ruta za laini ya simu. OpenDNS inakutambua kwa anwani yako ya nje ya intaneti. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja na kuibadilisha wakati wowote. Ikibadilika, OpenDNS haikujui tena. Angalia anwani ya WAN kwenye ruta: ikianza na 100.64 hadi 100.127, au na 10, hauna anwani yako mwenyewe, na njia hiyo haitatulia. Tumia huduma inayokupa anwani za DNS za akaunti yako peke yako.

Na usisahau kwamba simu hukumbuka majibu ya muda mfupi uliopita. Ukifunga tovuti sasa hivi ambayo mtoto alikuwa ndani yake, itaendelea kwa dakika kadhaa. Zima na uwashe mawasiliano yote ya simu kwa kitufe cha ndege kabla ya kusema imeshindikana.

Dalili: kompyuta inazuiwa, simu ya mtoto inapita

Chukua simu mkononi, mbele ya mwenyewe, na utazame juu ya kioo. Kwenye Android alama ya ufunguo mdogo inamaanisha VPN imewashwa. Kwenye iPhone hutokea herufi VPN, ila kwenye zile mpya utaziona ukivuta Control Center chini. Ikiwepo, kila kitu kinapita ndani ya bomba ambalo ruta haioni ndani yake. Unaweza kuzuia tovuti za VPN moja moja, lakini sikushauri: VPN za bure hazina idadi, na utakuwa unafukuza kivuli. Njia fupi ni kuiweka simu chini ya Family Link au Screen Time ili programu mpya isisakinishwe bila idhini yako.

Hakuna VPN? Angalia vivinjari. Opera Mini, ambayo wengi wetu tumeitumia miaka na miaka kuokoa bando, ikiwa kwenye hali ya kubana sana data hupitisha kurasa kwenye seva za Opera. Ruta inaona simu inaongea na Opera tu. Mtoto anaweza asijue kabisa kwamba ameruka kizuizi; yeye anaokoa MB.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya mtandao, sehemu ya "Private DNS", ambayo ipo tangu Android 9 ya mwaka 2018. Ikiwa kwenye "Automatic", iache. Hali hiyo hutumia DNS ileile iliyotolewa na ruta. Ikiwa imeandikwa jina kama dns.google, hapo ndipo pa kukamatia. Ukiweza kufunga mlango (port) namba 853 kwenda nje kwenye ruta, simu nyingi zenye jina la namna hiyo zitakosa intaneti mpaka zirudishwe kwenye "Automatic", na mtoto atairudisha mwenyewe bila kuambiwa, ingawa Android mpya zenye dns.google zinaweza kupita mlango 443. Chrome na Firefox nazo zina DNS yao ya siri ndani ya mipangilio, inayopita mlango 443 kama tovuti nyingine yoyote, kwa hiyo hiyo haifungwi kwa namba ya mlango. Kwa Firefox kuna njia: zuia jina use-application-dns.net kwenye DNS yako, na Firefox ambayo haijabadilishwa kwa mkono itaheshimu.

Kwa iPhone, kama familia inalipia iCloud+, huduma ya Apple, kuna Private Relay inayoficha safari za Safari. Zuia mask.icloud.com na mask-h2.icloud.com, simu itasema mtandao huu hauruhusu huduma hiyo, na itatumia njia ya kawaida.

Inabaki sababu moja inayowapata waliofunga kwa kifaa, si kwa tovuti. Ruta hutambua kifaa kwa anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa, lakini tangu Android 10 na iOS 14 simu hujitengenezea MAC ya kubuni kwa kila mtandao. Mtoto akibonyeza swichi ya MAC hiyo kwenye mipangilio ya waifai, ruta inaona mgeni mpya asiye na sheria. Utaijua kwa kutazama herufi ya pili ya anwani: ikiwa 2, 6, A au E, kwa mfano 5A:1C na kuendelea, ni ya kubuni. Kuandika anwani hizo moja baada ya nyingine hakuna mwisho. Geuza mpango: tengeneza waifai ya pili yenye jina lake, ya watoto, sheria zote zikae huko, na ile ya watu wazima ibadilishwe nenosiri. Na simu yako uifunge, maana Android huonyesha nenosiri la waifai kwa msimbo wa QR, na mtoto anahitaji sekunde tano tu za kuupiga picha ukiwa jikoni.

Kama kuna kisanduku cha faiba cha kampuni na ruta uliyonunua mwenyewe, hakikisha waifai ya kile kisanduku imezimwa. Nimekuta nyumba ambazo ruta mpya inachuja kwa uaminifu huku watoto wote wapo kwenye kisanduku cha zamani kilichobandikwa nyuma ya kabati.

Dalili: kwenye kivinjari inakataa, programu inafanya kazi

Umezuia jina moja, programu inatumia mengi. Kwa TikTok ongeza tiktokv.com, tiktokcdn.com, byteoversea.com na ibytedtos.com. Kwa YouTube, pamoja na youtube.com na youtu.be, kuna googlevideo.com ambako video zenyewe zinatoka, ytimg.com ya picha, na youtubei.googleapis.com inayotumiwa na programu za simu na runinga. Liandike hilo la mwisho lote kama lilivyo. Ukifupisha kuwa googleapis.com umeua nusu ya programu za simu zote nyumbani.

Dalili: umefunga kimoja, vimekufa vingi

Karibu kila mara ni neno la jumla. Mtu ameweka "google" ili kufunga picha, na sasa Google Classroom ya shule haifunguki. Ameweka "tube", na tovuti isiyohusika imeingia humo. Futa maneno, weka majina kamili ya tovuti. Kama kinachokusumbua ni matokeo ya utafutaji, usiifunge Google, elekeza www.google.com kwenda forcesafesearch.google.com, na www.youtube.com kwenda restrict.youtube.com, kama ruta yako au huduma yako ya DNS ina nafasi hiyo. 

Dalili: ratiba inafunga saa isiyo yake

Umeweka intaneti ya watoto ikatike saa tatu usiku, inakatika saa sita usiku. Au inakatika saa kumi jioni, watoto wametoka shule sasa hivi. Tofauti yenyewe ndiyo jibu. Ikichelewa saa tatu, ruta iko kwenye GMT. Ikiwahi saa tano, imeachwa kwenye saa za China. Chagua GMT+3, Nairobi. Na ikiwa kosa ni saa sita kamili, aliyejaza fomu alisoma saa ya ukutani kwa mazoea yetu: saa tatu usiku kwenye ruta ni 21:00, si 03:00 wala 15:00.

Ruta nyingi hazina betri ya saa. Umeme ukikatika na kurudi, saa huanza upya, wakati mwingine mwaka 1970, hadi ruta ipate muda kutoka kwenye mtandao. Kwa hiyo baada ya umeme kurudi ipe dakika chache kabla ya kuilaumu. Ikibaki na tarehe ya ajabu, ingia kwenye sehemu ya muda uwashe NTP, ndiyo inayochukua saa kutoka kwenye mtandao.

Kuna ruta zisizokubali ratiba inayovuka usiku wa manane. Igawe mara mbili: 21:00 hadi 23:59, na 00:00 hadi 06:00. Hapo siku nazo zinahama. Kama unataka usiku wa shule, sehemu ya kwanza ni Jumapili hadi Alhamisi na ya pili ni Jumatatu hadi Ijumaa. Wanaosahau hilo hupata watoto wakiamka saa nane za usiku kwa furaha.

Dalili: mipangilio yote imetoweka

Tazama jina la waifai. Likiwa limerudi kuwa lile lililobandikwa chini ya ruta, mtu amechukua pini akabonyeza kile kitundu cha nyuma kwa sekunde kumi. Kama jina la waifai ni lako bado ila sheria hazipo, ama mtu ameingia na nenosiri la kiwandani, ambalo pia limebandikwa pale chini, ama kampuni ya intaneti imeisasisha ruta kwa mbali. Piga simu huduma kwa wateja uulize kama walifanya hivyo siku hiyo.

Badilisha nenosiri la kuingilia kwenye ruta, lile la msimamizi, si la waifai. Kisha, mipangilio ikiwa sawa, tafuta sehemu ya kuhifadhi nakala, pakua faili kwenye kompyuta yako. Kitundu cha pini hakina kinga ya programu. Ruta ipandishe juu ya kabati lenye kufuli, ila uache hewa ipite, inapata joto.